Kipindi cha redio kuhusu familia za kifalme: tunakosea wapi tunapozitangaza?

Kihesa_Redio

Kamwene wanajukwaa. Kuna kipindi cha dakika 30 kinaandaliwa kwa ajili ya redio ya jamii hapa Iringa. Mada ni familia za kifalme za leo na namna vyombo vya habari vinavyozionyesha. Rasimu iliyopo ina Uingereza kwa sehemu kubwa, Eswatini na Buganda kidogo, na mwishoni koo za kichifu za huku Nyanda za Juu Kusini. Shida ni kwamba karibu yote ni harusi, mavazi, ugomvi wa ndugu na ngoma. Msikilizaji wa Kilolo au Mufindi atazima redio bila kujua mfalme huyu anaweza kuamua nini na yule hawezi nini.

Naomba mambo mahususi. Vyeo vitafsiriwe vipi visipotoshe? Fedha zao zielezwe kwa hesabu gani? Na hawa wa kwetu, kina Mtwa wa Wahehe na Malafyale wa Wanyakyusa, waingie vipi wasiwe pambo la kufungia kipindi? Mwenye tarehe na takwimu za uhakika aziweke.

Dawati_Soweto_Mbeya

Mkuu, anza na vyeo. Makosa mengi ya baadaye yanatokea hapo.

Neno "malkia" kwa Kiswahili linabeba watu wawili: mwanamke anayetawala kwa haki yake mwenyewe, na mke wa mfalme. Elizabeth II alikuwa wa kwanza, Camilla ni wa pili. Mtangazaji akisema "Malkia Camilla" tu, msikilizaji ana haki ya kudhani Uingereza ina watawala wawili. Mara ya kwanza sema "Malkia Camilla, mke wa Mfalme Charles", baada ya hapo jina linatosha. "Mwanamfalme" nalo lina mtego. Philip aliitwa hivyo kwenye habari zetu miaka mingi, na aliyekuwa hamjui angedhani ni mtoto wa Elizabeth, kumbe ni mumewe. Catherine naye si "binti mfalme", ni mke wa William, mrithi wa kiti. Harry akiitwa "Mtawala wa Sussex" ni uongo kabisa, kwa sababu hatawali hata mtaa mmoja huko. Acha neno Duke lilivyo, kisha ongeza maneno matatu: cheo cha heshima.

Kuna tofauti pia kati ya cheo kinachokuja chenyewe na cheo cha kupewa. Charles alikuwa mfalme dakika ileile mama yake alipofariki tarehe 8 Septemba 2022. Kutawazwa kwake tarehe 6 Mei 2023 kulikuwa ibada na sherehe, wala hakukumpa mamlaka mapya. William alipewa cheo cha Prince of Wales siku moja baada ya kifo cha bibi yake, kwa tamko la baba yake. Ukisema "amekuwa mfalme rasmi leo" siku ya kutawazwa, umefuta miezi minane ya utawala.

Kisha Jumuiya ya Madola. Charles ni Mkuu wa Jumuiya yenye nchi wanachama 56, ila ni mfalme wa nchi 15 tu, Uingereza ikiwamo. Barbados ilijitoa kwenye kundi hilo la pili tarehe 30 Novemba 2021 ikawa jamhuri, na bado ni mwanachama wa Jumuiya. Ukuu wa Jumuiya si wa kurithi. Viongozi wa nchi wanachama walikubaliana London, Aprili 2018, kwamba Charles atamfuata mama yake. Sisi tuna mfano wetu na unafaa sana redioni: kuanzia tarehe 9 Desemba 1961 hadi 9 Desemba 1962 Elizabeth II alikuwa mkuu wa nchi wa Tanganyika huru, akiwakilishwa na Gavana Jenerali Richard Turnbull, huku serikali ikiongozwa na Waziri Mkuu. Mwaka mmoja kamili, halafu jamhuri. Hakuwahi kuwa Malkia wa Tanzania, kwani Tanzania haikuwapo bado.

Sasa sikiliza kosa la tafsiri ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Tarehe 31 Oktoba 2023 Charles alihutubia Nairobi kuhusu ukatili wa Waingereza wakati wa kupigania uhuru wa Kenya. Alieleza huzuni na majuto. Hakuomba radhi. Siku iliyofuata, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea mbele ya wazao wa waliouawa kwenye Vita vya Maji Maji, na yeye aliomba msamaha kwa neno lenyewe. Ziara mbili, siku mbili, nchi jirani. Kichwa cha habari kikiandika "aomba radhi" kwa wote wawili kimemaliza kabisa habari yenyewe. Kujuta ni hali ya moyo wa msemaji. Kuomba radhi ni kukiri kosa mbele ya mkosewa, na hapo ndipo mlango wa fidia unapofunguka. Serikali hupima maneno hayo kwa uangalifu mkubwa, nasi tuyapime hivyohivyo tunapotafsiri. Wiki ile peke yake inatosha kufungulia kipindi chako.

Dogo la mwisho ni saa. Kiangazi London iko nyuma yetu saa mbili, baridi saa tatu. Kifo cha Elizabeth kilitangazwa saa 12:30 jioni kwa saa za huko, yaani saa 2:30 usiku kwetu. Anayebadilisha namba ya Kizungu kuwa saa ya Kiswahili akasahau kuhamisha eneo la saa anakosea kwa saa mbili nzima.

Lugalo_1891

Nakubaliana na mchango wa Dawati, naongeza upande wa nyumbani. Kihesa, ninakuomba sana usiwaweke mwisho. Waweke katikati, maana wao ndio kipimo cha msikilizaji wako.

Angalia jina tu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la "Sultani Mkwawa". Utawala wa Waingereza ukawaita watawala wa ukoo huo machifu. Wahehe wenyewe wanasema Mtwa. Mtu mmoja, majina matatu, na kila jina limebeba nia ya aliyelitoa. Chombo cha habari kinachosema "mfalme" kwa wa Ulaya na "chifu" kwa wa Uhehe kimekwisha kuamua nani ana dola na nani ana kabila, kabla hata ya sentensi ya pili. Mtwa aliyevunja kikosi cha Mjerumani Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akailinda ngome ya Kalenga hadi Wajerumani walipoiteka tarehe 30 Oktoba 1894, akapigana msituni hadi alipojiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898, alikuwa na jeshi, kodi na mabalozi. Tumia "Mtwa Mkwawa" na ueleze maana yake mara moja. Wasikilizaji wa Iringa hawahitaji zaidi.

Ushawishi wa ukoo ulivyobadilika sura nao ni habari. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954 likiletwa na Gavana Edward Twining, baada ya kuchaguliwa kwenye mkusanyiko wa makumbusho ya Bremen kwa kupima vipimo vya kichwa. Aliyelipokea ni Mtwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Huyohuyo akawa Spika wa Bunge kuanzia 1962 hadi 1973, tena 1975 hadi 1994. Katikati ya hapo, mwaka 1963, sheria iliyowapa machifu madaraka ya utawala ilifutwa. Kwa hiyo mtu mmoja alipoteza mamlaka ya kurithi akashika mamlaka ya Bunge. Vyombo vyetu vikizungumzia ukoo huu vinarukia fuvu na mkuki, vinaiacha miaka thelathini ya Spika.

Kuhusu leo, muulize mwandishi wako maswali ya namna hii anapotoka kwenye sherehe ya kusimikwa. Nani alimteua, baraza la ukoo au mtu mwingine? Kuna uamuzi gani wa kijiji uliobadilika kwa sababu yake mwaka huu? Mgogoro upi wa mipaka au wa mifugo ulipelekwa kwake kabla ya kufika baraza la ardhi? Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, anayesimamia ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji, na hati ya hakimiliki ya kimila inatolewa na halmashauri hiyo. Chifu hagawi ardhi kisheria. Lakini neno lake linaweza kuwafanya watu waikubali au waikatae mipaka iliyopimwa, na hiyo ni nguvu hata kama haina mhuri. Habari inayosema "chifu agawa ardhi" ni kosa la sheria. Nyingine inayosema "machifu hawana nguvu yoyote" ni kosa la uchunguzi.

Septemba 2021 Rais Samia alipopewa jina la Hangaya na machifu kule Mwanza, picha za vazi zilizagaa nchi nzima. Sherehe ile haikurudisha madaraka yoyote ya kisheria yaliyofutwa 1963. Sentensi hiyo moja ingemsaidia msomaji kuliko picha kumi.

Mwakaleli_Juu

Nyongeza fupi kwa Lugalo. Ukija Rungwe na Kyela usiseme "mfalme wa Wanyakyusa". Malafyale walikuwa wengi, kila mmoja na eneo lake, na uongozi ulikuwa unahamia kizazi cha vijana kwa sherehe ya ubusoka, nchi ikigawanywa. Mfumo huo hauna kilele kimoja. Mwandishi anayetafuta mtu mmoja wa kumvisha taji ataunda ufalme ambao haukuwapo, na atawaudhi wengine wote wenye haki ya jina hilo. Vivyo hivyo Wasafwa na Wanyiha husema Mwene, Wangoni husema Nkosi. Uliza cheo, uliza mipaka ya eneo, ndipo uandike.

Hesabu_Mafinga

Fedha. Hapa ndipo magazeti ya pande zote mbili, ya kusifu na ya kuponda, hucheza na namba.

Ruzuku rasmi ya Mfalme wa Uingereza ilianza 2012 kwa sheria ya mwaka 2011. Inakokotolewa kama asilimia ya faida ya Crown Estate, mali ya kiti cha ufalme ambayo si yake binafsi wala si ya serikali kuuza itakavyo. Faida yote inaingia hazina kwanza. Asilimia ilianza 15, ikapandishwa hadi 25 mwaka 2017 ili kukarabati jumba la Buckingham kwa paundi milioni 369 ndani ya miaka kumi, ikashushwa hadi 12 kuanzia 2024/25. Sasa fuata hesabu. Ruzuku ilikuwa paundi milioni 86.3 kwa miaka minne mfululizo. Mwaka 2025/26 ikaruka hadi milioni 132.1. Vichwa vya habari vikapiga kelele kwamba Mfalme "amejiongezea mshahara". Hakujiongezea. Faida inayotumika kwenye hesabu ni ya miaka miwili nyuma, na mwaka 2023/24 Crown Estate ilipata paundi bilioni 1.1, sehemu kubwa ikitokana na kampuni za umeme wa upepo zilizolipia nafasi kwenye sakafu ya bahari. Asilimia 12 ya bilioni 1.1 ni kama milioni 132. Hesabu imefungwa.

Usimalizie hapo ukawaonea huruma. Sheria ina kifungu kinachozuia ruzuku isishuke chini ya ile ya mwaka uliotangulia. Ndiyo maana 2024/25 asilimia ilipopungua ruzuku ilibaki palepale 86.3, ingawa asilimia 12 ya faida iliyohusika (milioni 442.6) ingekuwa kama milioni 53. Na ruzuku hiyo haijumuishi ulinzi wa polisi, wala mapato ya ardhi ya Lancaster anayopata Mfalme na ya Cornwall anayopata William. Ukisikia "familia ya kifalme inamgharimu kila Mwingereza kiasi fulani tu kwa mwaka", uliza mara moja: ulinzi umo?

Ushawishi wa kisiasa uko mahali pasipopigwa picha. Mara ya mwisho mtawala kukataa kusaini muswada ilikuwa 1708, enzi za Malkia Anne, na kwa sababu hiyo watu husema hana nguvu. Lakini muswada unaogusa mamlaka au maslahi binafsi ya mtawala hupelekwa ikulu kuombewa ridhaa kabla haujapita bungeni. Gazeti la Guardian mwaka 2021 lilionyesha kuwa sheria zaidi ya 1,000 zilipitia njia hiyo wakati wa Elizabeth II. Kuna pia mazungumzo ya faragha na Waziri Mkuu kila wiki, yasiyoandikwa popote hadharani. Redioni weka hili mbele ya gauni la harusi.

Kihesa_Redio

Ndaga sana, wakuu. Nimeshahamisha sehemu ya Kalenga kuwa katikati na Nairobi/Songea kuwa mwanzo. Swali la pili: uvumi na picha. Ukurasa wa redio mtandaoni unaendeshwa na vijana wawili, na habari za familia ya Uingereza ndizo zinazochukuliwa haraka kutoka kurasa nyingine. Wazuieje makosa?

Dawati_Soweto_Mbeya

Wahesabu hatua. Gazeti la udaku la London linaandika "chanzo cha karibu na familia kinadai". Tovuti ya Marekani inaandika "inadaiwa". Ukurasa wa Kiswahili unaandika "imebainika". Kwenye hatua ya tatu neno la tahadhari limeshadondoka, na hakuna mtu aliyedanganya makusudi. Kanuni yenu iwe hii: kama hamwezi kufika kwenye chanzo cha kwanza kwa hatua moja, habari hailali kwenye ukurasa.

Vyanzo vya kwanza vipo. Ikulu ya Uingereza hutoa kumbukumbu ya shughuli za kila siku, Court Circular, tangu 1803, wakati George III alipochoshwa na magazeti yaliyokosea alikokuwa. Inasema nani alikwenda wapi, haisemi kwa nini. Ziara nyingi huripotiwa kwa zamu: mwandishi mmoja anaingia, kisha anawagawia wenzake maandishi na picha. Ndiyo sababu habari kumi zinaweza kufanana neno kwa neno. Kumi hizo ni shahidi mmoja. Na mwandishi anayetegemea zamu hiyo ana sababu ya kutomuudhi anayempa nafasi. Msomaji aelezwe hivyo.

Kuhusu vifo: Machi 2024 ulizuka uvumi kutoka vyombo vya Urusi kwamba Charles amefariki, na balozi za Uingereza za Moscow na Kyiv zikakanusha. Neno "amefariki" linatoka baada ya tamko la Buckingham tu. Kabla ya hapo hata "hali ni mbaya" iwe na jina la aliyesema. Kumbukeni pia kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Taarifa ya uongo ina bei hapa kwetu.

Picha. Tarehe 10 Machi 2024 ikulu ya Kensington ilitoa picha ya Catherine na watoto wake watatu. Ndani ya saa chache mashirika ya habari na picha ya AP, AFP, Reuters na Getty yakawaagiza wateja wao waiondoe, kwa kuwa ilikuwa imehaririwa: mkono wa kushoto wa bintiye Charlotte haukulingana na mkono wa sweta lake. Siku iliyofuata Catherine akakiri kuihariri. Tarehe 22 Machi akatangaza kuwa anatibiwa saratani. Kati ya siku hizo kurasa nyingi zilijaza pengo kwa kubuni, na mgonjwa ndiye aliyeumizwa. Vijana wako wafungue picha kwa ukubwa kamili, wakague vidole, mikono ya nguo, zipu na nywele penye mpaka na rangi ya nyuma. Waandike nani amepiga na nani ametoa. Familia ikitoa picha yake yenyewe, maelezo yaseme "picha iliyotolewa na familia", wala si "alionekana". Agizo la kuiondoa likija, waondoe kwenye ukurasa, kwenye kundi la WhatsApp na kwenye hifadhi, halafu waweke maelezo ya sababu. Kufuta kimyakimya kunazaa uvumi mwingine.

Songea_Matimila

Naona Eswatini na Buganda hazijaguswa.

Eswatini kwenye habari zetu ni ngoma ya matete na idadi ya wake. Picha za wasichana zinauza, zinachapishwa kila mwaka, na wengine hata hawaombi ridhaa. Yanayoachwa ni haya: vyama vya siasa vilipigwa marufuku na Mfalme Sobhuza II tarehe 12 Aprili 1973. Mswati III, aliye kitini tangu 25 Aprili 1986, anamteua Waziri Mkuu, na maseneta 20 kati ya 30. Gazeti la Eswatini Observer linamilikiwa na Tibiyo Taka Ngwane, mfuko ulio chini ya ufalme, kwa hiyo ukilinukuu mtaje mmiliki. Juni 2021 wananchi walipoandamana, intaneti ilikatwa. Lesotho nayo ina Mfalme Letsie III asiye na mamlaka ya utendaji. Kusema "wafalme wa Afrika" kana kwamba ni kitu kimoja ni uvivu.

Buganda ni kinyume: Kabaka, mfalme wake, hana serikali, ila ana redio. Falme zilifutwa Uganda mwaka 1967, zikarudishwa 1993, na katiba ya 1995 inawakataza watawala wa jadi siasa za vyama. Kifungu ni cha 246, namba ileile ya fuvu la Mkwawa kule Versailles. Septemba 2009 serikali ilipozuia msafara wa Kabaka Ronald Mutebi kwenda Kayunga, ghasia zilizuka na redio ya CBS ya Buganda ikafungwa hadi Oktoba 2010. Serikali haifungi redio ya mtu asiye na ushawishi. Kwa kipindi cha redio sioni mfano mzuri kuliko huo.

Kwa dakika 30 ningegawa hivi: 4 za Nairobi na Songea, 6 za Uingereza pamoja na fedha, 10 za Uhehe na Rungwe mkiwa na mzee mmoja wa ukoo na mtendaji mmoja wa kijiji kwenye meza moja, 5 za Eswatini na Buganda, zilizobaki simu za wasikilizaji. Mzee na mtendaji waulizwe swali lilelile la ardhi, mmoja baada ya mwingine, na mtangazaji asiwakatize.